SOMO: Geji ya presha ya oili inasoma nini hasa?

Wakuu, mshale wa presha ukishuka, wengi hukimbilia kuongeza oili. Geji hii haipimi kiasi cha oili. Kiasi unakiona kwenye stiki. Oili ikipungua hadi pampu ikavuta hewa, mshale utayumba kweli, ila hapo umeshachelewa.

Hatua ya 1: Ielewe presha inatoka wapi. Pampu, inayozungushwa na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), huvuta oili kutoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), huipitisha kwenye filta, kisha kwenye matundu ya bloku hadi kwenye beringi, vile vikalio ambamo krenki inazungukia. Pampu kazi yake ni kusukuma tu. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa kwenye upenyo mwembamba kati ya beringi na krenki. Chukua mpira wa maji, ziba mdomo kwa kidole: ukibana, maji yanaruka mbali, ukilegeza, yanakudondokea miguuni. Beringi iliyolika ni kidole kilicholegea, ndiyo maana injini iliyochoka husoma chini hata ikiwa imejaa oili. Presha ikizidi, kuna valvu inayofunguka na kuirudisha oili ya ziada.

Hatua ya 2: Jua geji yako ni ya aina gani. Ile ya kizamani huletewa oili yenyewe kwa kibomba hadi dashibodi. Ndani kuna mrija bapa uliopinda. Presha ikiingia, mrija hujikunjua kidogo na kuvuta mshale. Ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon, mwaka 1849. Ya umeme ina sensa kwenye bloku, na ndani ya sensa kuna kiwambo (utando mwembamba). Kikisukumwa, ukinzani wa umeme hubadilika na mshale husogea. Magari mengi yana taa nyekundu tu, ambayo huwaka presha ikiwa imeshuka hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 5 au 7 hivi. Mimi siiamini sana, inasema mwishoni kabisa.

Hatua ya 3: Soma mshale kwa wakati wake. Injini ikiwa baridi hupanda, ikipata moto hushuka. Mafundi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuata.

Hatua ya 4: Mshale ukianguka, zima injini palepale. Angalia stiki. Oili ikiwepo, fungua sensa na ufunge geji ya kupimia mahali pake. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii: injini ikashushwa, sampu ikafunguliwa, beringi zinang'aa. Kumbe sensa.

MASWALI

Mkuu, nikichomoa waya wa sensa mshale unakimbilia mwisho. Geji imekufa?

Hapana. Kwa sensa ya waya mmoja, washa swichi bila kupiga stata, kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha injini. Mshale ukienda mwisho wa pili, geji na waya ni vizima. Mtuhumiwa ni sensa.

Taa nyekundu huwaka nikifungua swichi. Nihofu?

Hofu isipowaka: huenda balbu imeungua. Ikizimika punde injini inapowaka, hiyo ni kawaida.

Nimeweka oili nzito zaidi, mshale umepanda. Si nimepona?

Umepona mshale, ndugu. Beringi bado imelika, na injini ikiwa baridi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu za injini.