Namna ya kuandika wasifu wa miaka ya mwanzo ya mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto: mfano wa Beatrix Potter

Wasifu wa watu wanaowaandikia na kuwachorea watoto huharibika mara nyingi kwa sababu moja: anayeuandika huanzia kwenye umaarufu, kisha hurudi utotoni kutafuta dalili zake, hata kila mnyama aliyefugwa nyumbani akageuzwa kuwa utabiri. Njia iliyo salama zaidi ni kufuata kazi ya mkono, yaani kuuliza mhusika alichora nini, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na kama alilipwa. Mfano ninaoutumia hapa ni wa Beatrix Potter, Mwingereza aliyemuumba sungura Peter, kwa sababu nyaraka zake zimehifadhiwa vizuri na historia yake ina karibu mitego yote ya kazi hii.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, andaa jedwali la tarehe lenye safu mbili, moja ya maisha na nyingine ya kazi. Katika safu ya maisha utaweka kwamba alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866, na kwamba mdogo wake, Bertram, alizaliwa mwaka 1872. Kuhusu wazazi, andika yale tu yanayoeleza fedha na muda. Baba yake alisomea uwakili, lakini utajiri wa pande zote mbili za ukoo ulitokana na biashara ya pamba ya Lancashire; kwa hiyo binti hakulazimika kufanya kazi ili ale, wala hakupelekwa shule, bali walimu walikuja kumfundisha nyumbani. Zaidi ya hapo msomaji hahitaji nasaba.

Utoto wenyewe uchujwe kwa swali moja: ni jambo gani hapa lililokuja kuwa ustadi? Familia ilikwenda Scotland kila kiangazi kuanzia 1871 hadi 1881, katika nyumba iitwayo Dalguise, na kuanzia 1882 ikaanza kwenda pia eneo la maziwa la kaskazini magharibi mwa Uingereza. Beatrix na Bertram walifuga sungura, panya, popo, mijusi na kalunguyeye, na mnyama alipokufa walikuwa tayari kuuchemsha mzoga ili wapate mifupa ya kuichora. Taarifa hiyo moja ina uzito kuliko kurasa nzima za kusema kwamba alipenda wanyama, kwa kuwa inaeleza kwa nini sungura wake, hata akivishwa koti la buluu, bado ana mabega na miguu ya sungura wa kweli chini ya nguo. Ukikosa taarifa ya namna hii kuhusu mtu unayemwandika, afadhali utoto uupe aya moja fupi kuliko kuujaza sifa.

Kisha pima vyanzo vyako. Tangu takribani 1881 hadi 1897 Potter aliandika shajara kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuisoma mpaka Leslie Linder, mkusanyaji wa kazi zake, alipofumbua siri hiyo mwaka 1958. Shajara hiyo ni hazina, ila inaonyesha mawazo yake zaidi kuliko biashara yake. Ilinganishe daima na barua, michoro yenye tarehe na kumbukumbu za wachapishaji.

Malipo ya kwanza yana nafasi yake maalumu katika wasifu wa msanii. Mwaka 1890 kampuni ya Hildesheimer & Faulkner ilinunua michoro yake ya kadi za salamu kwa pauni 6, na kielelezo chake kilikuwa sungura wake aliyeitwa Benjamin. Katika miaka hiyohiyo alichora uyoga kwa uangalifu wa kisayansi, na mwaka 1897 makala yake kuhusu kuota kwa spora (chembe za uzazi) za uyoga iliwasilishwa kwa niaba yake katika Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria vikao. Hapa pana mtego mkubwa. Wengi husimulia kwamba sayansi ilimfungia mlango, ndipo akakimbilia hadithi za watoto. Ni simulizi tamu, lakini jedwali lako litaikataa: kadi ni za 1890, na barua iliyozaa kitabu ni ya 1893, miaka minne kabla ya makala ile. Kazi hizo mbili zilikwenda sambamba, na ndivyo zinavyopaswa kuandikwa.

Barua hiyo ndiyo sehemu ya kukaa nayo kwa muda mrefu. Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Scotland, Potter alimwandikia Noel, mtoto mgonjwa wa mwalimu wake wa zamani, Annie Moore, akamwambia kwamba kwa vile hajui la kumwandikia, atamsimulia hadithi ya sungura wanne, na akachora katikati ya maneno. Usiandike kwamba kitabu kilizaliwa siku hiyo. Ilipita miaka kadhaa kabla hajaiazima barua ile, ambayo Noel alikuwa ameitunza, akairefusha na kuipeleka kwa wachapishaji, ambao waliikataa mmoja baada ya mwingine, Frederick Warne & Co. wakiwemo. Eleza pia kilichobishaniwa, kwa maana neno "alikataliwa" peke yake halifundishi kitu: yeye alitaka kitabu kidogo cha kutosha mkono wa mtoto, chenye bei ndogo, wakati wachapishaji walitaka umbo jingine. Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha zake, zenye michoro ya rangi nyeusi na nyeupe, na Februari 1902 akaongeza nakala 200. Wakati huohuo rafiki wa familia, kasisi Hardwicke Rawnsley, aliigeuza hadithi hiyo kuwa mashairi ya kuadilisha na kuipeleka kwa Warne. Wachapishaji hao, kwa bahati njema ya wasomaji, wakachagua nathari ya Potter, kwa sharti kwamba michoro iwe ya rangi. The Tale of Peter Rabbit ilitoka Oktoba 1902 kwa bei ya shilingi moja, nakala 8,000, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimechapishwa 28,000.

Unapofikia kitabu chenyewe, usitenganishe mwandishi na mchoraji. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, ueleze ni maneno machache kiasi gani yaliyopo upande mmoja, picha inasema nini ambacho maneno hayakusema, na kwa nini sentensi imekatwa pale ambapo mtoto atataka kugeuza ukurasa.

Biashara isionewe aibu. Potter alisajili mwanasesere wa Peter mwaka 1903, lakini haki ya kunakili haikulindwa Marekani, na nakala za wizi zikaenea huko. Uchumba wake wa Julai 1905 na Norman Warne, wa familia ya wachapishaji wake, ambao wazazi wake waliupinga kwa kuwa mchumba alikuwa mfanyabiashara, pamoja na kifo cha Norman tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, viandikwe kwa ufupi na bila mapambo. Mwaka huo pia alinunua shamba la Hill Top, katika eneo lile la maziwa, kwa mapato ya vitabu na urithi mdogo wa shangazi, na nyumba ya hapo ikaingia katika michoro iliyofuata.

Wasifu wa miaka ya mwanzo unaweza kukomea 1913, alipoolewa na wakili William Heelis na kilimo kikaanza kuchukua nafasi ya vitabu. Kwamba alifariki 1943 na kuiachia National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, zaidi ya ekari 4,000 ni jambo la sentensi moja. Ukitaka kuweka picha, andika chini ya kila moja mwaka, vifaa vilivyotumika na mahali ilipohifadhiwa, na uombe idhini mapema: mkusanyo wa Linder uko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na michoro mingi ya uyoga iko katika makumbusho ya Armitt, katika mji wa Ambleside.