Namna ya Kusoma Bonde la Ufa Ili Kuelewa Volkano na Matetemeko ya Ardhi

Kila ardhi inapotikisika Afrika Mashariki, haupiti muda mrefu kabla ya kuenea uvumi kwamba mlima fulani u karibu kulipuka. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi haina msingi, kwa kuwa tetemeko na volkano, ingawa vyote viwili hutokana na mwendo wa mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, havizaliwi kwa njia moja. Anayetaka kuvitofautisha hahitaji maabara. Anahitaji ramani inayoonyesha vizuri maziwa na milima, penseli, na subira ya kuuliza maswali kwa mpangilio.

Swali la kwanza kuhusu mpaka wowote wa mabamba lihusu mwelekeo: je, mabamba hayo yanaachana, yanagongana, au yanapitana ubavu kwa ubavu? Usiliruke, maana mengine yote hutegemea jibu lake. Karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, bamba moja huzama chini ya jingine. Miamba inayozama hubeba maji, na inapofika kina cha takriban kilomita 100 maji hayo huachiliwa na kupenya katika miamba ya moto iliyo juu yake, ambayo kwa sababu hiyo huyeyuka katika joto dogo kuliko ambalo ingehitaji ikiwa mikavu. Hapo ndipo hupatikana magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayolisha safu ya volkano za nchi hiyo. Katika mpaka huohuo mabamba hukwama kwa miaka mingi, kisha hukwamuka kwa ghafla, kama ilivyotokea tarehe 26 Desemba 2004, ambapo tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilizusha mawimbi yaliyofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Huko California, penye ufa wa San Andreas, mabamba hupitana tu. Hakuna kinachozama wala kinachofunguka, hivyo ufa huo huleta matetemeko makubwa bila kuwa na safu ya volkano.

Sasa rejea Afrika Mashariki, ambako mabamba yanaachana. Chora mstari wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa kutoka Ethiopia kupitia maziwa ya Turkana, Nakuru, Naivasha, Magadi na Natron hadi Manyara. Halafu chora tawi la magharibi kupitia Ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Upande wa magharibi wa mfumo huu liko bamba la Nubia, na upande wa mashariki bamba la Somalia, nayo yanatengana kwa milimita chache kila mwaka.

Wengi hudhani kwamba chini ya ufa kuna bahari ya moto inayosubiri tundu la kutokea. Sivyo. Miamba iliyo chini ya ganda la dunia ina joto kali, lakini karibu yote ni migumu, kwa sababu mgandamizo wa uzito ulio juu yake huizuia kuyeyuka. Ganda linapovutwa na kuwa jembamba, miamba hiyo hupanda polepole, mgandamizo hupungua, na sehemu yake huyeyuka pasipo kuongezewa joto lolote. Anayelielewa jambo hili moja ameuelewa moyo wa Bonde la Ufa.

Hatua inayofuata ni kutia alama za volkano: Menengai na Longonot nchini Kenya, Ol Doinyo Lengai na Meru nchini Tanzania, zote zikiwa katika tawi la mashariki au kando yake. Tawi la magharibi lina sehemu chache tu zenye volkano, kama vile Virunga na Rungwe. Kisha tia alama za matetemeko makubwa: Rukwa mwaka 1910, ukubwa wa takriban 7.4, Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie mwaka 2005, ukubwa wa 6.8. Utaona kwamba uzito wa ramani umehamia magharibi. Ganda la upande huo kwa sehemu kubwa ni la baridi na gumu, hivyo hujikunja kwa muda mrefu kama ufito kabla ya kuvunjika, na huvunjika hata katika kina kirefu. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kilomita 40 hivi chini ya ardhi, na mji huo uko mbali na volkano yoyote hai.

Hata hivyo, yapo matetemeko yanayosababishwa na magma yenyewe inapopasua miamba. Julai 2007 ardhi ilitikisika mfululizo karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, na tetemeko kubwa zaidi, la ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi. Miezi michache baadaye Ol Doinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu. Mwaka 2021, baada ya lava ya Nyiragongo, volkano ya safu ya Virunga nchini Kongo, kutiririka Mei 22, mji jirani wa Goma ulitikiswa kwa siku kadhaa huku magma ikipenya chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Dalili ya kuangalia ni msururu wa mitikisiko mingi isiyo na mmoja mkuu ulioitangulia, jirani na volkano iliyo hai. Uamuzi wa mwisho ni wa wataalamu wenye vipimo, na agizo lao la kuhama lifuatwe bila kubishana.

Ukilihisi tetemeko, kwanza jikinge chini ya meza imara. Ukiwa hapo, hesabu sekunde kati ya mshtuko wa awali, ambao huwa mwepesi, na mtikiso mzito unaoufuata, kisha zidisha kwa 8. Sekunde 10 humaanisha kwamba chanzo kiko umbali wa takriban kilomita 80. Baadaye chora duara la umbali huo kwenye ramani, ukiwa wewe katikati, na uangalie ni tawi lipi linapita pale na kama kuna mlima hai ulioutia alama.