Kubadilisha pawasaplai ya kompyuta ya mezani: pima kwanza, ndipo ununue

Mvua za kwanza zikishashuka Mbeya, meza yangu hapa Mwanjelwa hujaa sipiyu. Ndivyo wengi wetu tunavyoliita boksi zima la kompyuta ya mezani, ingawa jina hilo kwa haki ni la prosesa peke yake, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote. Wenye stesheneri, walimu, makarani wa maghala ya mazao, wote huja na maelezo yaleyale: usiku radi ilipiga, umeme ukakatika, ulivyorudi kompyuta haikuwaka tena. Baadhi yao wameshaambiwa njiani kwamba mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, imekufa, watafute mashine nyingine. Nikipima nakuta mara nyingi kilichokufa ni pawasaplai, lile boksi la bati lenye feni linalopokea umeme wa ukutani. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye bisibisi ya nyota na mikono isiyo na haraka.

Kuna jambo moja la kulishika kabla hujagusa skrubu yoyote. Boksi la pawasaplai lenyewe usilifungue. Umeme wetu wa volti 230 ukiingia humo hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa kiasi cha volti 325 hivi, na kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hapo hakuna cha kujaribu. Tunalitoa boksi zima, tunaweka zima.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni pawasaplai

Anza nje. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Chukua waya wa pawa wa mashine nyingine inayofanya kazi, ujaribu huo. Fungua plagi ya pini tatu uangalie fyuzi yake. Radi au shoti huweza kuikata hiyo peke yake. Nimewahi kupokea kompyuta iliyopandishwa bajaji kutoka Uyole mpaka hapa, pamoja na pawasaplai mpya mwenyewe keshainunua, na kosa lote lilikuwa fyuzi. Angalia pia swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai: alama ya mstari ni kuwashwa, alama ya duara ni kuzimwa. Mtu akifanya usafi huigusa bila kujua.

Nje kukiwa salama, chukua multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili, uiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Fungua ubavu wa kasha. Utaona plagi pana ya pini 24 iliyochomekwa kwenye mazabodi. Iache ilipo, waya wa pawa uwe umechomekwa ukutani, kompyuta haijawashwa. Ncha nyeusi ya multimita igusishe bati la kasha mahali pasipo na rangi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi, sambamba na waya wa zambarau. Waya huo hubeba volti 5 muda wote, hata mashine ikiwa imelala. Ukisoma 5 au karibu yake, pawasaplai haijafa kabisa. Ukisoma sifuri, na waya wa pawa umeshaujaribu, umekaribia sana jibu.

Sasa hamia waya wa kijani. Mashine ikiwa imezimwa utasoma volti kati ya 3 na 5. Mwambie mwenzako abonyeze kitufe cha kuwashia: namba inatakiwa kushuka karibu na sifuri. Ikiwa zambarau ni nzima lakini kijani hakishuki, tafuta kosa kwenye kitufe au kwenye mazabodi, na hela ya pawasaplai ibaki mfukoni kwanza.

Kipimo cha mwisho hufanywa pawasaplai ikiwa peke yake. Chomoa waya ukutani, chomoa plagi zote zilizo ndani ya kasha, kisha unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwenye plagi ya pini 24 kwa kipande kifupi cha waya. Hakikisha rangi mara mbili. Ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka, usishangilie bado, kwa kuwa feni huzunguka hata kwenye pawasaplai iliyochoka. Pima: njano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo ni mbovu. Baadhi ya pawasaplai za zamani hazitulii bila mzigo, kwa hiyo wakati wa kupima chomeka deki ya DVD, au diski kuu ya kuhifadhia mafaili (hadi diski) iliyo mbovu.

Na kama ikiwa peke yake inapima vizuri, lakini ukiirudisha kwenye mashine inazima papo hapo? Hiyo inajilinda dhidi ya shoti. Chomoa hadi diski, kadi ya picha, ramu (vile vibao vya kumbukumbu ya muda), kimoja kimoja, mpaka umpate anayeivuta chini. Kila inapojizima, iondoe kwenye umeme dakika moja kabla ya kujaribu tena.

Hatua ya 2: Nunua inayofaa mashine yako

Hapa ndipo hela za watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza umbo. Kasha kubwa la kawaida hutumia pawasaplai ya ATX, upana milimita 150 na kimo milimita 86. Makasha membamba ya ofisini hutumia maumbo mengine kabisa. Itoe ya zamani uende nayo dukani. Usiende na maelezo ya mdomo.

Pili plagi. Kompyuta nyingi zinazofika Mbeya ni za mtumba zilizotoka maofisini, na kampuni zake hazikufuata plagi ya pini 24. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi ya pini 8 kwenye mazabodi. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Ukipeleka ATX ya kawaida kwenye hizo, utahitaji waya maalumu wa kubadilishia uliotengenezwa kwa mashine hiyohiyo. Kukata na kuunga waya kwa kukisia rangi sikushauri hata kidogo.

Tatu wati, na hapa tusome lebo kwa makini. Kompyuta ya stesheneri isiyo na kadi ya picha ikiwa kazini kwa kawaida haifiki wati 100, hivyo pawasaplai halisi ya wati 300 inaitosha na kubaki. Neno zito hapo ni halisi. Kuna maboksi yameandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ukishuka kwenye jedwali la lebo, safu ya +12V inaonyesha ampia 16. Zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi ya picha hula kwenye safu hiyo ya 12, kwa hiyo 192 ndicho unachokinunua, hayo mengine ni wino. Ipime pia mkononi. Nyepesi kama boksi tupu ina shaba na bati kidogo ndani. Kati ya mpya nyepesi ya namna hiyo na ya mtumba iliyotolewa kwenye mashine nzuri, ikapimwa mbele yako, mimi nachukua ya mtumba.

Nne, tazama nyuma kama kuna kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kinatakiwa kusomeka 230. Kikisomeka 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio na kunusa moshi ndani ya sekunde, na pawasaplai umeipoteza.

Hatua ya 3: Toa ya zamani

Zima, chomoa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki kwenye mazabodi uishe. Piga picha za ndani kwa simu, kila pembe. Picha hizo zitakuokoa baadaye.

Ndugu zangu wa Mbeya, Njombe na Iringa, vua sweta. Nasema kwa dhati. Miezi ya Juni na Julai hewa yetu ni baridi na kavu, na sufu ikisuguana na mwili hujaza umeme tuli. Ukisikia cheche ndogo unapogusa kitasa cha mlango, cheche ileile yaweza kuua chipu ya ramu. Gusa bati la kasha kila mara kabla ya kugusa mazabodi.

Plagi ya pini 24 ina kilimi ubavuni. Kibonyeze kwa kidole gumba, ushike plagi yenyewe, uitikise taratibu kulia na kushoto huku ukiivuta. Usivute nyaya. Fanya hivyohivyo kwa plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, halafu za hadi diski na DVD. Kisha legeza skrubu nne za nyuma. Ukifika ya mwisho, mkono mmoja uwe umeishika pawasaplai kwa ndani, maana ikianguka huangukia kipoozeo cha prosesa.

Kwa kuwa kasha liko wazi, ondoa vumbi. Kiangazi cha huku kinajulikana, na mashine iliyokaa dukani kando ya barabara hukutwa na blanketi zima la vumbi kwenye feni. Tumia brashi laini ya rangi, na feni izuie kwa kidole isizunguke.

Hatua ya 4: Funga mpya

Ipachike ikikaa kama ya zamani, feni ielekee kwenye matundu ya kasha. Anza skrubu zote nne kwa vidole kwanza, ndipo uzikaze. Ukikaza moja mpaka mwisho, nyingine hazitapata tundu.

Chomeka pini 24 mpaka kilimi kilie tak. Baada ya hapo, plagi ya prosesa. Niwaambie kwa nini nasisitiza. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilimfungia mwalimu mmoja pawasaplai mpya. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikamwambia mazabodi imekufa. Akaondoka kimya, mitihani ya wanafunzi wake ikiwa humo. Jioni nikiwa nafunga kasha nikaiona plagi ya pini 4 inaning'inia nyuma ya nyaya. Nilimfuata nyumbani usiku uleule kumwomba radhi. Tangu siku hiyo plagi ya prosesa ndiyo naikagua mwanzo na mwisho: feni kuzunguka bila picha, itazame hiyo kabla hujaitilia shaka mazabodi.

Usiichanganye na kipande cha pini 4 kinachojitenga kwenye plagi ya pini 24. Rangi zinakueleza: ya prosesa ina njano mbili na nyeusi mbili; kile kingine kina chungwa, njano, nyekundu na nyeusi. Pia plagi ya pini 8 ya kadi ya picha hufanana na ya prosesa, lakini umeme wake umepangwa kinyume. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Kwa pawasaplai zenye nyaya zinazochomoka pande zote mbili: tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Waya wa aina nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa, huku ukipeleka volti 12 mahali pa volti 5, na hadi diski ikaungua na kila kilichomo.

Hatua ya 5: Washa kabla ya kufunga kasha

Hakikisha hakuna skrubu iliyodondoka kwenye mazabodi. Chomeka, washa swichi ya nyuma, bonyeza kitufe. Picha ikija, iache ifanye kazi nusu saa huku ukipima tena njano na nyekundu kwenye plagi ya hadi diski isiyotumika. Namba zikiwa zilezile, funga kasha.

Mashine ikiwaka lakini tarehe imerudi miaka ya nyuma na tovuti zinagoma kufunguka, si pawasaplai. Ni betri ya mazabodi, ile ya duara ya CR2032, imeisha. Badilisha.

Ili usirudi kwangu mwezi ujao

Wengi huniuliza mbona wakigusa bati la kasha wanasikia mtekenyo wa umeme. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme ambazo huelekeza mabaki kwenye waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Ethi isipokuwepo, mabaki hayo hubaki kwenye bati. Na ethi huku tunaiua wenyewe: plagi ya pini mbili inasukumwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kutumia kalamu, au ekstensheni nzima inafungwa bila waya wa tatu. Weka plagi ya pini tatu, na mwite fundi umeme apime ethi ya jengo. Stebilaiza yoyote uliyonunua haiwezi kufanya kazi ya ethi.

Radi nayo haizuiwi na swichi ya ukutani. Ukiona wingu limejikusanya juu ya mlima wetu wa Loleza, zima kompyuta na uchomoe plagi kabisa, pamoja na waya wa intaneti, kwani radi hupita huko pia. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke.

Pawasaplai ya zamani iandike MBOVU kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili. Waya wa pawa na skrubu zake tunza. Boksi lenyewe usimpe mtoto alichezee, wala usiliache juu ya kabati bila alama, lisije likauzwa kwa mtu mwingine kama zima.