Jinsi ya kuandaa igizo la fumbo la mauaji Moshi

Mfano wangu ni The Mousetrap ya Agatha Christie, igizo lililoanza kuchezwa London mwaka 1952 na linaendelea hadi leo. Ni habari ya watu waliokwama kwa theluji katika nyumba ya wageni huko Uingereza, na muuaji yumo kati yao. Haki zake zina wenyewe, kwa hiyo ombeni kibali cha maandishi, hata kwa kulitafsiri, kabla ya kubandika tangazo lolote.

Hatua ya 1. Mwongozaji asome hadi mwisho, kisha arudi na kalamu nyekundu apigie mstari kila neno na kila kitu kinachomwelekeza mtazamaji kwa muuaji. Kazi yote iliyobaki ni kuvilinda vidokezo hivyo. Mwigizaji akikikazia sauti kidokezo, fumbo limekwisha. Akikimeza, watu wataondoka wakiona wamedanganywa.

Hatua ya 2. Gaweni nafasi 8. Muuaji msimpe mwenye sura kali. Wengine wote wacheze kama watu wenye jambo la kuficha, maana kweli wanalo.

Hatua ya 3. Ndani ya igizo, redio inamtaja mtu anayetafutwa kwa mauaji, mwenye koti jeusi, skafu na kofia, na wageni wanaingia na mavazi yanayofanana na hayo. Nendeni soko la Memorial pamoja, siku moja, mchague makoti ya mtumba yasiyotofautiana ukiyatazama kutoka viti vya nyuma. Theluji iacheni Uingereza: mwigizaji akiingia, ajikung'ute mabega na kusogelea moto. Inatosha.

Hatua ya 4. Hapa tumieni muda mwingi. Mauaji yanatokea gizani, na kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa. Jua la Moshi huzama kama saa kumi na mbili na nusu, basi pazia lifunguke saa moja. Rudieni tukio hilo taa zikiwa zimezimwa kabisa, na miguu ya viti iwekewe alama za selotepu nyeupe sakafuni. Umeme ukikatika wenyewe, watazamaji watadhani ni sehemu ya igizo. Waigizaji wasimame palepale hadi msimamizi wa jukwaa awashe tochi.

Hatua ya 5. Epukeni masika. Mvua ikipiga bati, vidokezo vyote vinazama. Juni na Julai ni bora, na baridi yake inawafaa wenye makoti.

Mwishoni, kama wafanyavyo London, mmoja wenu awaombe watazamaji wasimtaje muuaji huko nje. Mpeni kazi hiyo yule anayeheshimiwa zaidi kikundini, na aseme kabla watu hawajaanza kunyanyuka.