Jinsi ya kusoma jalada la Stasi

Wengi wanaopewa jalada la Stasi, yaani Wizara ya Usalama wa Dola iliyokuwa polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, huanza ukurasa wa kwanza na kwenda mbele kama wasomavyo barua. Wakifika ukurasa wa thelathini hawajui tena nani alikuwa akimchunguza nani. Kijerumani kigumu si sababu pekee. Karatasi hizi ziliandikwa na ofisi kwa matumizi ya ofisi, na ofisi hiyo ilipangwa makusudi ili hata mtumishi wake asijue zaidi ya kipande chake. Kwa hiyo soma kwanza mihuri, namba na vifupisho. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia karatasi ni ya nani na ilifunguliwa kwa nini. Habari zenyewe zitasubiri.

Ifahamu ofisi kwanza

Wizara ya Usalama wa Dola ya Ujerumani Mashariki iliundwa tarehe 8 Februari 1950. Kuanzia 1957 hadi 1989 iliongozwa na mtu mmoja, Erich Mielke, aliyekuwa pia ndani ya Politbiro, kamati ya juu ya chama tawala, kuanzia miaka ya 1970. Chama tawala cha SED kiliiita ngao na upanga wake, na hiyo haikuwa sifa tupu: wizara ilitumikia chama, wala haikuwa juu yake. Mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wapatao 189,000, katika nchi yenye watu wasiozidi milioni 17.

Kazi iligawanywa kwa njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ni fani: makao makuu ya Berlin-Lichtenberg yalikuwa na idara zenye namba za Kirumi, kila moja na shughuli yake. Njia ya pili ni eneo: palikuwa na ofisi 15 za mikoa, na chini yake ofisi za wilaya zaidi ya 200. Namba za idara za Berlin zilirudiwa mikoani. Ukikuta XX kwenye karatasi ya Leipzig, ni fani ileile ya XX ya Berlin: makanisa, utamaduni, vyombo vya dola na wapinzani.

Namba chache zinatosha kuanzia. II ni kuzuia ujasusi wa nje, ikiwemo kuwatazama wanadiplomasia wa kigeni. VIII ni ufuatiliaji wa mtu barabarani. IX ni upelelezi wa kesi na mahojiano, XIV ni mahabusu, XVIII ni uchumi. M ni kufungua barua na 26 ni kunasa simu na sauti za ndani ya nyumba. XII ni masijala. HV A ni ujasusi wa nje, ulioongozwa na Markus Wolf hadi 1986. Idara iliyoandika karatasi huwa juu, pamoja na mahali na tarehe. Cheo na jina la afisa viko chini. Andika mambo hayo pembeni kabla hujasoma aya hata moja.

Masijala: kadi mbili, si moja

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, na ndipo watu wasio na hatia wamechafuliwa majina. Masijala ilitenganisha mtu na kazi. Kadi ya F16 ina jina halisi, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya usajili. Haisemi kama mtu huyo ni mchunguzwa au mtoa habari. Kadi ya F22 hupangwa kwa namba ya usajili, nayo hutaja aina ya jalada, jina la bandia, idara na afisa mhusika, lakini haina jina halisi la mtu. Mpaka uziweke kadi zote mbili mezani, huna kitu. Ndivyo ilivyokusudiwa: aliyeona kabati moja tu hakuweza kumfichua yeyote.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Tafuta jina kwenye F16, nakili namba ya usajili, ipeleke namba hiyo kwenye F22, kisha soma aina ya jalada. Namba ya usajili ina sehemu tatu. Chukua mfano wa kubuni: XIII 1234/84. XIII ni mkoa wa Leipzig (hapa namba ya Kirumi ni ya mkoa, si ya idara), 1234 ni nafasi katika daftari, 84 ni mwaka wa kusajiliwa. I ni Rostock, na XV ni makao makuu Berlin.

Usiichanganye namba hiyo na namba ya kumbukumbu, inayotolewa jalada linapofungwa. Hiyo huanza na herufi: AIM ni jalada lililofungwa la mtoa habari, AOP la uchunguzi mkubwa, AOPK la uchunguzi mdogo wa mtu mmoja, AU la kesi iliyopelelezwa. Herufi AIM peke yake si ushahidi. Ndani yake huwekwa pia majalada ya maandalizi, yaani ya watu waliopimwa kimyakimya ili waajiriwe, wengine wakakataa na wengine hata hawakuulizwa. Magazeti ya Ujerumani yalipaparika sana juu ya vifupisho hivi miaka ya 1990.

Jambo hilihili hujitokeza kwenye picha za kadi za HV A ziitwazo Rosenholz, zilizoangukia mikononi mwa CIA na kurejeshwa Ujerumani hadi kufikia 2003. Chini ya namba moja ya usajili waliandikishwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wa mlengwa. Wengi wao hawakujua lolote.

Jalada la mtoa habari

Kifupisho ni IM. Kabla ya 1968 aliitwa GI, kwa hiyo karatasi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zitatumia herufi hizo. Baadaye herufi ya tatu hueleza kazi yake: IMS ni wa kawaida wa kulinda eneo au kiwanda, IMB ana mawasiliano ya karibu na wale walioitwa maadui, IMK hutoa chumba, anwani au simu kwa mikutano ya siri. Mwenye nyumba wa IMK huenda hakuandika hata taarifa moja. Alikuwa na ufunguo tu.

Sehemu ya kwanza ya jalada humhusu yeye mwenyewe: wasifu, pendekezo la kumwajiri na ahadi yake. Pendekezo lisome kwa makini kuliko vyote, maana linataja sababu ambayo afisa aliamini ingemvuta: imani ya kisiasa, fedha na mahitaji, au kosa ambalo angetaka kulifuta. Ahadi mara nyingi iliandikwa kwa mkono wake, na hapo alichagua jina lake la bandia. Lakini kutokuwepo kwa ahadi ya maandishi hakumaanishi kwamba hakukubali. Kwa watu wa kanisa hasa, maafisa waliridhika na neno la mdomo ili wasiwatishe.

Sehemu ya pili ni kazi: taarifa za kila mkutano. Kichwa cha taarifa hutaja chanzo, tarehe ya mkutano, mahali, na kama habari ilitolewa kwa mdomo, kwa kanda au kwa maandishi. Tofauti hii ni kubwa. Taarifa ya mdomo imeandikwa na afisa, kwa maneno ya afisa. Ukikuta mpishi wa kantini akisema kwamba jirani yake ana “msimamo hasi wa kiadui”, ujue si lugha ya mpishi. Mpishi huenda alisema jirani analalamikia bei ya kahawa.

Chini ya taarifa hufuata tathmini ya afisa, hatua zitakazochukuliwa, na orodha ya walipopelekewa nakala. Orodha hiyo ndiyo njia yako ya kuendelea. Ikitaja namba ya usajili ya mtu mwingine, nakala hiyohiyo inapaswa kuwa ndani ya jalada la mchunguzwa. Isipokuwemo, kuna karatasi zimeondolewa. Linganisha pia namba za kurasa: muhuri wa tarakimu sita wenye herufi BStU uliwekwa na hifadhi baada ya 1990, ila namba za kalamu ni za Stasi. Namba za kalamu zikiruka kutoka 41 hadi 47, kurasa tano hazipo, hata kama mihuri inafuatana vizuri.

Je, maafisa walitunga? Walikuwa na malengo ya kufikia na bosi wa kumridhisha, hivyo walipamba. Kumbuni mtoa habari mzima kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa wakubwa waliweza kukutana naye wenyewe na taarifa zililinganishwa na za wengine. Chukulia tarehe na mahali kuwa vya kuaminika kiasi. Nia na hisia anazosingiziwa mtu zitilie shaka.

Jalada la mchunguzwa

Uchunguzi mdogo ni OPK, mkubwa ni OV. OV hupewa jina, mara nyingi la kejeli, na hufunguliwa chini ya kifungu cha sheria ya jinai. Kitafute kifungu hicho kwenye ripoti ya ufunguzi: 106 ni uchochezi dhidi ya dola, 213 ni kuvuka mpaka kinyume cha sheria. Kifungu hukuonyesha walitaka kumfunga kwa lipi, ingawa mara nyingi hawakukusudia kumfikisha mahakamani kabisa.

Ripoti ya ufunguzi hufuatwa na mpango wa kazi. Usiuruke kwa sababu unachosha. Ndani yake kila jukumu lina afisa na tarehe ya mwisho, na majukumu ya kiufundi yameandikwa kwa herufi: hatua A ni simu, B ni kinasa sauti ndani ya nyumba, M ni barua. Chora jedwali la safu nne: tarehe, jukumu, afisa, matokeo. Kisha pitia taarifa zote ukijaza safu ya nne. Kazi hii huchukua muda, lakini bila jedwali huwezi kuona kwamba ugomvi wa marafiki wawili mwezi Mei ulikuwa jukumu namba 6 la mwezi Machi.

Hilo ndilo lililoitwa Zersetzung, kumbomoa mtu pole kwa pole. Agizo namba 1/76 la Januari 1976 liliorodhesha mbinu: kuharibu sifa ya mtu kwa kuchanganya ukweli na uongo, kupanga ashindwe kazini, kupandikiza shaka ndani ya kikundi, barua na simu zisizo na jina. Ujerumani Mashariki ilikuwa imetia saini mkataba wa Helsinki mwaka 1975, ulioahidi kuheshimu haki za binadamu, na wafungwa wa kisiasa waliitia aibu mbele ya nchi ambazo ilitaka kukopa kwao. Mtu aliyevunjika nyumbani kwake hakuhesabiwa na yeyote. Waliofanyiwa hivyo wengi hawakujua. Ukimsaidia mmoja wao kusoma jalada, mwombe kwanza barua zake za kazi, talaka na hospitali, ulinganishe tarehe.

Kwa anayetafuta kutoka Afrika Mashariki

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Ujerumani Mashariki iliharakisha kuipa Zanzibar misaada, na washauri wake walishiriki kujenga usalama wa visiwani. Markus Wolf alikwenda mwenyewe mwaka huohuo. Anayetafuta habari hizo atapungukiwa kwenye HV A, kwani idara hiyo iliachiwa ijivunje yenyewe mwaka 1990 na ikateketeza karibu majalada yake yote. Kati ya vilivyosalia ni hifadhidata ya SIRA, orodha ya kompyuta ya taarifa za HV A, iliyofunguliwa 1998. Hiyo hutaja kichwa cha taarifa na namba ya chanzo, si taarifa yenyewe, nayo inaanzia 1969. Kwa miaka ya mwanzo ya Zanzibar, nenda kwenye karatasi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani Mashariki na za chama cha SED, zote ziko Berlin.

Hali ni nzuri zaidi kwa aliyesoma huko, kwa mfano aliyejifunza Kijerumani kwenye Taasisi ya Herder, Leipzig. Haki ya kuona jalada lako ilitolewa na sheria ya Desemba 1991, na haiangalii uraia. Ombi hupelekwa Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, iliyopokea majalada ya Stasi tarehe 17 Juni 2021. Jaza fomu na uthibitishe utambulisho wako. Ukiwa nje, ubalozi wa Ujerumani unaweza kukuthibitishia. Kuona jalada lako ni bure, nakala hulipiwa. Mwenye jalada akiwa amefariki, mke, mume, mtoto au ndugu wa karibu anaweza kuomba akiwa na cheti cha kifo. Mtafiti ana fomu yake, na akitaka jalada la mchunguzwa aambatishe ridhaa ya mtu huyo kwa maandishi.

Jina ndilo linaloangusha maombi mengi ya kwetu. F16 ilipangwa kwa sauti za Kijerumani, na karani aliandika alichosikia. Taja kila namna: Khamis, Hamisi, Chamis, Yusuf, Jussuf. Taja pia jina lipi kati ya matatu liligeuzwa kuwa la ukoo, maana karani mmoja alichukua la babu na mwingine la baba. Tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya pasipoti ya wakati huo, hata kama baadaye ilisahihishwa. Ongeza anwani ya bweni na miaka uliyokaa.

Majina ya watu wengine yatakuwa yamefutwa kwa wino mweusi, ila majina ya bandia ya waliokuripoti yatabaki. Ukitaka majina yao halisi, hilo ni ombi la pili baada ya kusoma. Jiulize kwanza kama unayataka kweli, kwa kuwa mara nyingi ni mtu wa chumba kimoja.

Jibu likiwa “hakuna”, weka nakala ya barua na uombe tena baada ya miaka kadhaa. Maafisa walichana karatasi kwa mikono mwishoni mwa 1989, yakabaki magunia zaidi ya 15,000, na kuanzia 1995 vipande vyake vinaunganishwa polepole na kuingizwa kwenye hifadhi.