Simu kubwa nyembamba mfukoni, ibebe hivi isipinde

Nyie wa Mtwara mnaopanda boda kwenda Mikindani na simu pana imechomekwa mfuko wa nyuma, hii yenu. Simu ikiwa ndefu halafu nyembamba inapinda kirahisi, ukiikalia uzito wote unaibana katikati, na pale penye matundu ya vitufe vya sauti ndo bodi ina udhaifu. Sio uzushi, iPhone 6 Plus ya 2014 ilikuwa na kioo cha inchi 5.5 na unene wa milimita 7.1 tu, watu wakalalamika zinapinda mfukoni, 2015 ikaja 6s Plus yenye alumini ngumu zaidi.

Kwa hiyo weka mfuko wa mbele, kioo kiangalie paja. Jinzi ya kubana hapana, na siku ya kuokota korosho iweke kwenye kibegi kabisa maana ukichuchumaa tu inabanwa pale kwenye nyonga. Mchanga wa pwani ukung'ute mfukoni, unachubua kioo vibaya kuliko hata funguo. Kava laini la mpira linasaidia ikidondoka ila kupinda halizuii, tafuta gumu.

Kuicheki, toa kava, ilaze kifudifudi kwenye kigae, bonyeza kona moja moja, ikichezacheza ujue imeshaanza. Usiinyooshe kwa goti jamani (wapo wanaofanya!), betri ya lithiamu ikiumia inaweza kuwaka moto. Mgongo ukivimba usichaji tena, zima upeleke kwa fundi.