Busta na distoshani katika kasha moja, kwa toni na volyumu moja

Mpiga gitaa wa Nairobi anayecheza benga Jumamosi usiku na kuongoza sifa kanisani Jumapili asubuhi anahitaji sauti mbili: busta safi (saketi ya kuongeza nguvu ya sauti) ya kuibeba solo, na distoshani nzito (sauti iliyokwaruzwa). Zote zinaenea katika kasha moja la pedali, kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, na poti (vitufe vya kuzungusha) za toni na volyumu zikatumika kwa pamoja. Poti ya kukoleza distoshani ibaki peke yake, kwani busta haina haja nayo.

Pedali nyingi za namna hii ninazoletewa zimeunganishwa towe mbili (sehemu za kutolea ishara) moja kwa moja kwenye volyumu. Hapo kila saketi inainyonya nyenzake, na sauti inafifia hata ukifungua poti yote. Dawa yake ni bafa, yaani amplifaya inayopokea ishara bila kuinyonya wala kuikuza.

Hatua ya 1: Vifaa. Rezista, kapasita, dayodi, transista ya busta na chipu ya TL072 tafuta Luthuli Avenue. Swichi mbili za mguu za pini tisa zipate kabla ya kutoboa chochote. Kasha liwe la chuma. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakukunjia la bati. La plastiki halizuii mvumo wa 50 Hz wa umeme wa ukutani.

Hatua ya 2: Umeme. Adapta ni ya 9V, hasi katikati. Weka dayodi ya 1N5817 kwenye njia ya chanya, kisha kila saketi uipe rezista yake ya 100Ω na kapasita yake ya 100µF, ili kelele zisivuke. Rezista mbili za 10k na kapasita ya 47µF zitakupa nusu ya umeme, yaani nusu ya volti, ambayo TL072 inaihitaji. Fazi (pedali za kukwaruza sauti) za zamani za transista za PNP, zenye chanya kwenye graundi, usizichanganye humu: adapta itapiga shoti kupitia kasha.

Hatua ya 3: Chipu. TL072 ina amplifaya mbili, na hapa ndipo kazi inaponoga. Ya kwanza ni ya distoshani; busta ina saketi yake ya transista moja, nje ya chipu. Gitaa linaingia pini 3 kupitia kapasita, na rezista ya 1M inaipa pini hiyo nusu ya umeme. Rezista nyingine ya 1M inatoka pini 1 hadi pini 2; kutoka pini 2, poti ya 500k, rezista ya 4.7k na kapasita ya 47nF zinafuatana hadi graundi. Poti ikifunguliwa yote, ishara inakuzwa zaidi ya mara 200. Kutoka pini 1 pitia kapasita ya 1µF na rezista ya 10k hadi dayodi mbili za 1N4148, moja ikielekea kinyume cha nyingine. Zinakata wimbi karibu na 0.6V kila upande.

Amplifaya ya pili ndiyo bafa: unganisha pini 6 na 7, ishara iingie pini 5 kupitia kapasita ya 100nF, na rezista ya 1M iipe nusu ya umeme. Swichi ya kuchagua ikae kabla ya bafa. Baada yake zifuate kapasita ya 1µF, rezista ya 10k, toni (poti ya 25k na kapasita ya 10nF kwenda graundi), kisha volyumu ya 100k. Sasa toni inafanya kazi vilevile upande wowote utakaochagua.

Hatua ya 4: Kusawazisha. Busta ya transista moja hutoa ishara kubwa kuliko distoshani iliyokatwa na dayodi. Weka trimpoti (poti ndogo ya ndani, ya kupangwa kwa bisibisi) ya 50k kwenye towe la busta. Ipangie kwa sauti ya jukwaani, bendi ikipiga, kwa kurudia kodi (chord) ileile ya gitaa huku ukibadilisha swichi.

Hatua ya 5: Swichi. Moja inapitisha gitaa likiwa tupu, bila saketi yoyote, nyingine inachagua saketi: safu moja ya ingizo, moja ya towe, ya tatu ya taa za LED. Lehemu rezista ya 1M kwenda graundi kwenye ingizo na towe la kila saketi, swichi isipige "pwa" kwenye spika.

Hatua ya 6: Kupima. Pini 8 isome karibu 8.6V, pini 1 na 7 karibu nusu yake. Usipime pini 3 wala 5. Mita yenyewe huvuta umeme kupitia ile 1M na kukuonyesha namba ya chini. Distoshani ikipiga mluzi poti ikiwa juu, tenga waya wa ingizo na wa towe, au tumia waya wenye ngao. Mwisho, funika migongo ya poti kwa tepu ya umeme kabla ya kufunga skrubu, isije ikagusa bodi.